Nakala na Asili katika Uchongaji wa Ukambani

Neno nakala lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake wabeba maana mbili kwa pamoja: kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na kuandika upya kilichokwisha kuandikwa. Kiswahili kiliichukua maana ya pili na kuiacha ya kwanza. Neno sanaa nalo lina historia ya namna hiyo. Katika Kiarabu neno lililo asili yake hutaja kazi ya mikono na hata viwanda. Katika Kiswahili, hasa tangu mijadala ya fasihi iliyopamba moto katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki miaka ya 1970, limeelekea zaidi kwenye uzuri na ubunifu. Maana hizo zilizoachwa nyuma ndizo zinazohitajiwa na yeyote atakaye kueleza historia ya uchongaji wa Ukambani, kwani huko nakala zilihamishwa kweli kweli, kwa miguu, kwa gari moshi na kwa meli, na sanaa ilikuwa kazi ya kuuza tangu mwanzo wake.

Kwa jina la Ukambani hapa yakusudiwa nchi ya Machakos, Kitui na Makueni. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, kwa hiyo maandishi ya kabla ya mwaka huo yasemapo Machakos mara nyingi yaihusu Makueni pia. Wamunyu, mahali panapohesabiwa kuwa chimbuko la uchongaji wa sanamu, pako upande wa Machakos kando ya njia iendayo Kitui. Lakini magogo, mafundi na wachuuzi wa kazi hiyo walitoka pande zote tatu, na wachongaji wa Makindu, katika Makueni, walijenga chama chao cha ushirika kando ya barabara kuu ya Mombasa ili wawapate wasafiri. Kuigawa historia hii kwa mipaka ya utawala ni kuikata vipande ambavyo wenyewe hawakuvijua.

Hukumu iliyotolewa na wanachuoni wengi juu ya kazi hii ilikuwa moja: kwamba ni kuigaiga tu. Frank McEwen, mkurugenzi wa kwanza wa jumba la taifa la sanaa huko Salisbury, yaani Harare ya leo, alizidharau kazi za namna hii kwa kuziita sanaa za kiwanja cha ndege, na jina hilo likashika. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alifundisha kwa miaka mingi kwamba anayeiga hukilaza kipaji alichojaliwa na Mungu. Mafundisho ya Njau yaliwafaa sana wachoraji vijana ambao walikuwa wakifunzwa kunakili mandhari za Uingereza. Lakini yalipofanywa kipimo cha kumpimia mchongaji wa Wamunyu, mizani ilitiwa jiwe lililochongwa Ulaya.

Jiwe hilo yafaa lielezwe. Huko Ulaya mchoraji alipomaliza picha ya rangi, picha ilikuwa moja, nayo ilikaa katika kanisa au nyumba ya tajiri aliyeigharimia. Ili watu wengine waipate, fundi mwingine aliichora upya kwa kuchimba mistari katika bamba la shaba, akalitia wino, akalipitisha pamoja na karatasi katika mtambo wa kugandamiza. Bamba moja liliweza kutoa mamia ya karatasi kabla ya mistari yake kulika. Mwishoni mwa karne ya 18 Alois Senefelder alivumbua chapa ya jiwe huko Ujerumani, na katika karne ya 19 mawe kadhaa, kila moja na rangi yake, yalitumiwa kutoa picha za rangi kwa bei ambayo hata mfanyakazi wa kiwandani aliiweza. Baadaye zikaja kamera, mitambo ya ofseti, na katika miaka ya 1990 mashine za kompyuta zinyunyizazo wino juu ya turubai. Vifaa vilibadilika; uhusiano haukubadilika. Nyuma ya kila karatasi ilikuwapo picha moja yenye jina la mtu na mahali ilipotundikwa, na nakala ilipata heshima na bei yake kutokana na picha hiyo. Giorgio Vasari asimulia ya kwamba Albrecht Dürer alikwenda Venice kumshtaki Marcantonio Raimondi kwa kuziiga chapa zake, na kwamba wakuu wa mji walimkataza Raimondi kutumia alama ya Dürer tu. Michoro yenyewe aliachiwa. Uingereza ilitunga sheria ya kuwalinda wenye chapa mwaka 1735, kwa juhudi za William Hogarth. Kutoka hapo hadi kwenye desturi ya kutia saini na namba chini ya kila chapa, hii ya 3 kati ya 50, ile ya 4 kati ya 50, njia ni fupi. Mtambo waweza kutoa elfu, lakini muuzaji huahidi hamsini, na uadimu huo ndio auuzao.

Ukambani hapakuwa na picha moja ya namna hiyo iliyotundikwa mahali. Wakamba wa karne ya 19 walikuwa wachongaji hodari wa vitu vya matumizi: vinu, mizinga ya nyuki, vijiko, pinde, na vile viti vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi za waya mwembamba wa shaba, ambavyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Sanamu za watu na wanyama hazikuwa na nafasi kubwa katika kazi hizo. Tena walikuwa wafanyabiashara wa masafa. Kivoi wa Kitui, ambaye Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849 na akiwa katika nchi yake akauona Mlima Kenya, alikuwa mkuu wa misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka hadi Mombasa. Njia hiyo ikumbukwe, maana sanamu zilikuja kuifuata.

Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua Wakamba wengi kuwa askari na wapagazi katika kampeni ya kupigana na Wajerumani huko Tanganyika. Kikosi cha wapagazi kiliachia Kiswahili neno Kariakoo, ambalo Nairobi na Dar es Salaam zote mbili zalo hadi leo kama jina la mtaa. Mmoja wa waliokwenda ni Mutisya Munge wa Wamunyu. Simulizi zilizo nyingi zasema alijifunza kwa Wazaramo, jirani na Dar es Salaam, namna ya kuchonga sanamu za mpingo. Nyingine huwataja Wamakonde. Aliporudi kwao baada ya vita alianza kuchonga kwa ajili ya kuuza, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa Wazungu, maofisa na walowezi. Walter Elkan, mwanauchumi wa Makerere aliyeandika juu ya biashara hii katika jarida la Africa mwaka 1958, aliutambua mwanzo huo na kuonyesha jinsi kazi ya mtu mmoja ilivyogeuka riziki ya nchi nzima katika muda usiozidi miaka arobaini.

Basi asili iko wapi hapa? Ikiwa ni sanamu ya kwanza ya Mutisya, hiyo nayo ilikuwa nakala ya kazi aliyoiona Uzaramo, na mwalimu wake huko hakuweka namba chini yake. Waliomfuata Mutisya hawakuwa na sanamu fulani waliyoiangalia na kuirudia. Waliuangalia mkono wake. Kijana alikaa karibu na mjomba au kaka yake, akapewa kwanza kazi ya kusugua, kisha kijiko, kisha mnyama mwenye umbo jepesi, na siku mkono wake ulipozoea aliachiwa gogo zima. Kiswahili huyaweka maneno fundi, kufundisha na mwanafunzi katika mzizi mmoja, na lugha katika jambo hili ina ushahidi mzuri kuliko wakosoaji. Kilichonakiliwa kilikuwa ni ufundi. Twiga na askari walikuwa mazao yake. Kuiga kwa namna hii kulikuwa na adabu zake. Aliyeigwa alijulikana, kijiji kilijua nani amefunzwa na nani, na hakuna aliyedhani kwamba mwanafunzi amemwibia mwalimu kwa kufanya kama alivyofundishwa.

Namna ya kufanya kazi yenyewe haikubadilika sana kwa karne nzima. Gogo hukatwa kwa kadiri ya urefu wa sanamu, likapunguzwa kwa shoka au panga mpaka umbo lianze kujitokeza. Kisha huja tezo, chombo ambacho Wakamba hukiita ngomo, na hicho ndicho chombo hasa cha mchongaji: kwa pigo fupi fupi huondoa mbao nyembamba, mguu ukishikilia kazi, pasipo mchoro wala kipimo isipokuwa jicho. Patasi na kisu humaliza macho, masikio na vidole. Tupa na msasa hulainisha. Madoa ya chui na twiga huchomwa kwa chuma cha moto. Mara nyingi mti huchongwa ungali mbichi kwa kuwa ni laini zaidi, nao ukikauka kwa haraka hupasuka, na ufa huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mwisho hupakwa nta au dawa ya viatu. Wachongaji wengi hushika umbo moja, huyu twiga, yule kifaru, mwingine vijiko vya saladi, na mtu aliyechonga kifaru kwa miaka ishirini hufika mahali ambapo mkono humtangulia.

Ilikuwa katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Uingereza na wa makoloni walipojaa Kenya na mishahara yao mfukoni, ndipo soko liliposhinda kijiji. Baada ya vita wachuuzi wa Kikamba walionekana nje ya mahoteli ya Nairobi, Mombasa na Kampala, na nyuma yao wakaja mawakala waliopeleka shehena Ulaya na Marekani. Hapo ndipo lilipoingia neno jipya katika mazungumzo ya kazi, nalo ni sampuli. Wakala huleta sanamu moja au picha iliyokatwa katika kitabu cha bidhaa, huagiza mia tatu za urefu uleule, na hurudisha zile zisizolingana. Umbo sasa latoka kwa mnunuzi. Pamoja na simba na moran ziliagizwa seti za hori la Bethlehemu na safina za Nuhu, vitu ambavyo mchongaji aliweza kuvifanya kwa ustadi uleule.

Kuiga fundi na kuiga sampuli ni mambo mawili, na wakosoaji waliyachanganya kwa sababu walitazama rafu za duka, ambako yote mawili yaonekana sawa. Katika namna ya kwanza mwigaji hukua na siku moja huwa fundi. Katika ya pili hubaki pale pale, na akipata umbo jipya jirani zake watakuwa nalo kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu wote wamo katika kushindania bei ya wakala mmoja. Ubunifu ulipungua Ukambani, hilo halikanushiki. Lakini haukupungua kwa kuwa Wakamba walipenda kuiga. Ulipungua kwa sababu aliyebuni alilipwa sawa na aliyefuata.

Vyama vya ushirika vilianzishwa kuzuia hasara hiyo. Chama kikubwa cha Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963, nacho kiliwakusanya wachongaji waliotoka Ukambani kwa njia ile ile ya misafara ya zamani. Vyama vingine vilikuwa Wamunyu, Gikomba ya Nairobi, Malindi na Makindu. Utaratibu wao ni mwepesi: kila mchongaji ni mwenye kazi yake, sanamu huwekwa katika duka la chama ikiwa na bei na namba ya mwanachama, ikiuzwa, chama hukata fungu lake na mwenye namba hulipwa. Mfanano na chapa za Ulaya wapendeza kwa mbali na kupotea kwa karibu. Namba ya chini ya chapa huzihesabu nakala. Namba ya Changamwe humhesabu mchongaji. Ile husema picha hii ni adimu. Hii husema nani alipwe. Hakuna katika hizo mbili iliyo bora, ila ya pili ina upungufu mmoja mkubwa, kwamba nje ya mlango wa chama hakuna awezaye kuisoma.

Tofauti na mambo ya Dar es Salaam yaonyesha gharama ya upungufu huo. Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji walimkuta huko mfanyabiashara Mohamed Peera, ambaye pamoja na kutafuta faida yake aliyahifadhi majina ya wachongaji wake. Kwa hiyo mtindo wa shetani, uliotokea mwishoni mwa miaka ya 1950, una jina la Samaki Likankoa, na mtindo wa nguzo ya ujamaa wahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Mitindo hiyo ilipopata bei kubwa iliigwa Kenya pia. Mti mweupe ulipakwa dawa nyeusi ya viatu, ukauzwa kwa mgeni kama mpingo wa Mmakonde. Huo haukuwa tena uigaji wa fundi wala wa sampuli. Ulikuwa udanganyifu, na wakuu wa Venice wangeutambua mara moja kwa kuwa ni alama iliyochukuliwa. Haifai kuutetea kwa umaskini wa aliyefanya, ingawa yafaa kuuliza ni fungu gani la bei ile ya uongo lililomfikia.

Picha ya karatasi yaweza kurudiwa bila kuharibu chochote ila bamba. Sanamu kila moja hula mti wake. Mpingo, ambao Wakamba huuita muvingo, ulikuwa ukipatikana katika nyika za Kitui na Makueni, na ulipoadimika wachongaji walihamia kwenye muhugu wa misitu iliyozunguka Nairobi na ya pwani, na kwenye miti mingine ya kwao kama muuku. Muhugu huchukua miaka mia na zaidi kufikia unene wa kuchongeka. Makadirio ya watafiti wa misitu ya miaka ya 1990 na mwanzo wa karne ya 21 yaliwahesabu wachongaji wa Kenya kuwa kama 60,000, na miti iliyokatwa kwa ajili yao kuwa zaidi ya 50,000 kwa mwaka. Mwarobaini, ambao hukua haraka na kustahimili mchwa, ulipendekezwa badala yake, na mwaka 2005 wakulima wa pwani wanaoukuza walipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu. Wazee wa kazi huusema mwarobaini kwa kukosa uzito na rangi ya muhugu. Wakala hulalamika kidogo zaidi. Dawa ya viatu ipo.

Kuhusu kiondo yatosha kusema machache, ingawa kwa wanawake wa Kitui na Makueni kilileta fedha pale ambapo tezo ilikuwa chombo cha wanaume. Neno ni kyondo katika Kikamba, wingi syondo, na Kiswahili kimelirekebisha kiambishi chake kilingane na ngeli ya ki-/vi-. Nyuzi za gome la mbuyu na vichaka vingine zilibadilishwa kwa katani, na katika miaka ya 1970 na 1980 kikapu hiki kikawa mkoba wa wanawake wa Ulaya na Marekani. Muda si mrefu viwanda vya Asia vikakitoa kwa mashine, na bei ya Kitui ikaanguka. Hapa sampuli ilikamilisha safari yake: ilipokwisha kuchukuliwa, mwenye mkono hakuhitajiwa tena.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria Na. 33 ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, zimezipa jamii haki juu ya kazi zao, na serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuziandikisha. Kwa kiondo njia ni wazi kidogo. Kwa sanamu ni vigumu zaidi. Moran wa Kimasai, aliyechongwa na Mkamba kwa ufundi uliotoka Uzaramo, kwa umbo lililoagizwa na wakala na kwa urefu wa rafu ya nyumba ya Ulaya, aandikishwe kwa jina la jamii ipi? Sheria yauliza asili, na biashara hii haikuwa nayo. Ilichokuwa nacho ni watu. Majina yao yamo katika daftari za vyama, kila jina mbele ya namba yake, na daftari hizo ni nyaraka za historia ya sanaa kama zilivyo za hesabu, lakini hukaa katika ofisi za ushirika pamoja na stakabadhi za magogo. Namba yenyewe huandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi shingoni mwa twiga, na mnunuzi hukikata anapofika nyumbani.